Nani analala nyumba ile ya mwisho?

Ndugu zangu habari za jioni. Wazee wangu shikamooni, kina mama poleni na shughuli, na nyie vijana mliojibanza kule nyuma mlangoni kama vile mnataka kukimbia kabla hata mto haujafika, sogeeni mbele jamani, viti vipo.

Nimepewa dakika ishirini. Wanaonijua wanajua ishirini zangu huwa ni arobaini, kwa hiyo aliyeacha kitu jikoni atume mtoto akazime mapema.

Nianze na swali, na msinijibu mimi, kila mtu ajijibu kimoyomoyo. Ile nyumba ya mwisho kule kwenu chini, ile ambayo maji yakija yanaanza nayo, leo usiku analala nani mle? Sijauliza mwenye nyumba ni nani, mwenye nyumba tunamjua wote, tena wengine mnamdai. Nauliza nani ANALALA. Wako wangapi, kuna kichanga, kuna mzee asiyeweza kuinuka mpaka ashikwe mkono, kuna mgonjwa wa dawa za kila siku, kuna mgeni alikuja wiki iliyopita hajui hata njia ya kwenda juu iko wapi, kuna mtu hasikii vizuri ambaye hata mkipiga makelele ya namna gani yeye ndo kwanza anageukia upande wa pili?

Naona kimya. Haya, kimya hicho ndio kilichonileta hapa. Watu wakisikia neno mafuriko wanawaza boti, helikopta, serikali, wanawaza na mambo ya ushujaa. Mimi nimekaa na mambo haya ya mito muda sasa na nawaambia, sehemu kubwa ya mshikamano wakati wa mto kujaa ni kazi ambayo haina picha nzuri. Ni kujua nani analala wapi. Ni kukesha. Ni kushika beleshi mpaka mikono inatoa malengelenge halafu mvua inakatika, mto unashuka, na watu wanakucheka eti ulijisumbua bure.

Sasa tuelewane kwanza kuhusu mto wenyewe. Mafuriko yako ya aina nyingi. Yapo yale ya korongo, mvua inapiga mlimani jioni na baada ya saa moja ukuta wa maji umeshafika, hayo hayana vikao, hayo ni kukimbilia juu basi. Leo naongelea mto mkubwa, ule unaopanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Maji yatakayokufikia kesho kutwa yameshanyesha tayari, yako njiani, na kuna mtu huko juu ameshayaona kwa macho yake. Hiyo ina uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba unapewa siku mbili, tatu, saa nyingine wiki nzima. Ubaya ni kwamba binadamu ukimpa wiki anajiona ana mwaka.

Siku ya kwanza watu wanaenda kuangalia, wanapiga picha, wanatupia kwenye grupu, jamani mto umejaa. Siku ya pili wanarudi, wanakuta maji yamekipita kijiti walichochomeka jana, wanachomeka kingine. Siku ya tatu kunakuwa na wataalamu, kila mtu mtaalamu, huyu anasema utashuka kwa sababu babu yake alisema haujawahi kuvuka ule mti, yule anasema utapanda kwa sababu ameota. Siku ya nne usiku sasa ndo unasikia watu wanaulizana mifuko iko wapi. Ikiwa mnachochomeka ni vijiti tu mpaka siku ya nne basi hamjafanya kitu, mmeuhesabia mto hatua zake.

Niwape mfano mmoja wa mbali kidogo. Kuna mto unaitwa Red River, uko Marekani kaskazini, na una tabia moja ya ajabu, unaelekea kaskazini kwenda Kanada. Sasa kule kuna baridi, na kipindi cha joto kikianza barafu inayeyuka kusini kwanza wakati kaskazini bado imeganda, kwa hiyo maji yanakimbilia kwenye mlango uliofungwa. Mwaka 1997 mji wa Grand Forks uliambiwa na watabiri kwamba mto utafika futi 49. Wakajenga matuta ya kuzuia maji kwa hesabu hiyo na ziada kidogo, wanafunzi, wazee, wenye maduka, kila mtu kiroba cha mchanga mkononi. Mto ukafika futi 54 na ushee. Hiyo tofauti na utabiri ni kimo cha mtu mfupi amesimama. Matuta yakazidiwa, watu wakahama kwa maelfu, karibu mji mzima, na juu ya hapo katikati ya mji uliojaa maji ukazuka moto, majengo 11 yakaungua huku wazima moto wamezungukwa na maji kila upande na ya kuzimia hawana, mabomba yao yako chini ya mafuriko.

Halafu mwaka 2009 mto huohuo, mji mwingine upande wa juu wa mto, unaitwa Fargo. Tarehe 28 Machi maji yalifika karibu futi 41, rekodi ambayo haijawahi kuonekana pale tangu waanze kupima. Watu walikuwa wanajaza viroba usiku na mchana, hadi ule uwanja wao wa ndani wa michezo, Fargodome, uligeuzwa kiwanda cha viroba, wanafunzi wameacha masomo, mtu hamjui jirani yake kwenye foleni lakini anampokea kiroba anampasia wa mbele. Tena kwenye baridi ya kugandisha, viroba vyenyewe vinaganda vinakuwa kama mawe, na jiwe la umbo hilo halikai vizuri juu ya jingine. Safari hiyo sehemu kubwa ya mji ilipona.

Watu wanapenda kusimulia ya Fargo tu, kwa sababu ndio waliofaulu. Mimi naipenda zaidi ya Grand Forks. Kwa nini? Kwa sababu wale nao walifanya kila kitu, walijaza viroba kwa moyo uleule, na mto ukapita juu. Moyo wa kusaidiana haupandishi tuta futi tano. Kilichobaki kuwasaidia ni kwamba walipoambiwa tokeni walitoka, na waliotoka walikuwa na mtu wa kumgongea asiyesikia. Kwa hiyo ukinisikia naongea kuhusu viroba usidhani nakuahidi kwamba tukipendana maji yatarudi. Maji hayana habari na sisi.

Ila viroba lazima tuvijue, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana mimi mwenyewe niliaibika.

Mara ya kwanza nilipopewa kiroba na beleshi nilijaza mpaka juu, kikanenepa kama mto wa kulalia, nikafunga kamba kwa nguvu zangu zote, nikajisikia mwanaume. Nikajaza kama hivyo hamsini na kitu. Tukapanga. Akaja mzee mmoja akasimama, akaangalia, hakusema neno, akakanyaga kiroba kimoja cha juu na mguu mmoja. Kikaviringika. Cha chini yake nacho kikafuata. Akaniuliza, kijana, unajenga ukuta au unapanga matikiti? Nilitamani ardhi ipasuke.

Kiroba hujazwa nusu, ukizidi sana theluthi mbili, kisizidi hapo. Kinatakiwa kiwe kizembe, kilegee, ukikitupa chini kilale kama paka aliyeshiba. Hapo kinakuwa na kilo 15 mpaka 20, na mama wa kawaida anaweza kukipokea na kukipasia bila kuvunjika kiuno, hilo peke yake ni sababu tosha. Mdomo haufungwi kamba, unakunjwa chini ya kiroba chenyewe, na upande uliokunjwa unaelekea maji yanakotoka ili mkondo usiufunue. Unapanga kama tofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini, kila mstari ukiisha watu wanapanda wanakanyaga, mpaka mchanga ujae kwenye pembe zote. Na chini pawe papana, ukitaka ukuta wa futi 3 kwenda juu basi chini uwe na upana wa futi 9, mara tatu. Watu hapo ndo wanachoka, wanaanza kupandisha ukuta mwembamba uende juu haraka uonekane. Mto unapenda sana ukuta wa namna hiyo.

Kabla hujaweka kiroba cha kwanza toa nyasi na takataka chini, vinginevyo maji yanapita chini ya ukuta kama mwizi anayepita chini ya wavu. Na hesabu mapema, ukuta wa futi 100 kwa urefu na futi 2 tu kwenda juu unameza viroba kama elfu mbili. Elfu mbili! Mtu mmoja anashika mdomo wa kiroba, wa pili anatia mchanga, wa tatu anabeba. Watatu wakizoeana wanakuwa kama mashine, na nimeona watu waliokuwa hawasalimiani miaka wakawekwa kwenye kundi moja la watatu, yaani sijui nani aliwapanga vile, makusudi au bahati mbaya, lakini ilibidi waongee, huwezi kushikiwa mdomo wa kiroba na mtu usiyeongea naye ukamwagia mchanga kwenye vidole kila saa.

(Hapo watu wakacheka sana, na wawili nikawaona wanaangaliana.)

Sasa twende kwenye tuta, maana wengi mnaishi nyuma ya tuta na mnaliamini kuliko mnavyoamini ndugu zenu. Tuta huwa halivunjiki kwa maji kupita juu tu. Linaweza kuliwa kwa chini, na dalili yake ni ndogo mno. Unatembea upande wa ndani, upande wa nyumba, usiku, na tochi. Unaona kidimbwi kama sahani, maji yanachemka katikati kama chungu, lakini ukiweka mkono ni ya baridi. Ukiinama vizuri unaona pembezoni mwa hiyo sahani kuna kilima kidogo cha mchanga laini, kama kile wanachotoa siafu. Hayo ni maji ya mto yamepita chini ya tuta na yanatoka upande wako. Yakiwa safi, meupe, unaweka alama, unaleta mtu akae hapo ayaangalie. Yakiwa na rangi ya tope maana yake yanachota udongo wa chini ya tuta na kuutoa nje kidogokidogo, na tuta linabaki limekaa juu ya shimo.

Hapa ndo methali yetu inatuponza. Tumelelewa na usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo mtu akiona tundu linatoa maji mkono unakimbia wenyewe kwenda kuziba, anatupia kiroba juu, anakanyaga, anaita wenzake wakandamize. Usizibe! Ukiziba hapo, yale maji yana nguvu ya mto mzima nyuma yake, yatatafuta pengine, hatua mbili mbele, mahali ambapo hujui. Unachofanya unazungushia viroba, duara, kama kisima, unapandisha hilo duara taratibu na maji yanajaa ndani yake, uzito wa hayo maji unasukumana na yale yanayotoka, mpaka yanayotoka yanakuwa safi. Yakishakuwa safi unaacha. Yaendelee kutoka. Unaishi nayo, na unaweka mtu. Namshukuru aliyenionyesha hii kitu, kwa sababu ni usiku huo nilielewa kwamba kazi nzima ya mafuriko ni kuweka mtu. Mtu wa kukaa hapo. Hakuna mashine inayokaa juu ya tuta saa nane usiku kwenye mvua inaangalia kama maji yamebadilika rangi.

Na anayekaa asiwe peke yake, wawe wawili, tochi mbili, filimbi, simu yenye chaji. Wasiendeshe pikipiki juu ya tuta lililolowa, watembee. Na kama kuna mahali maji yameshapita njiani asijifanye mjanja wa kuvuka, maji yanayokwenda kasi yakiwa na sentimita 15 tu, hayajafika hata nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mimi nisingeamini kama nisingemshika mkono mtu wa namna hiyo mwenyewe, jamaa lina mwili, linashangaa limekaa chini.

Waholanzi hawa, nchi yao nusu iko kwenye hatari ya maji, walikuwa na sheria zamani ambayo mimi naipenda kwa ukali wake. Kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza. Ukishindwa kukitunza, unaenda unachomeka beleshi lako kwenye tuta na kuondoka, na shamba ndo limeondoka hivyo. Yeyote anayelichomoa hilo beleshi amechukua shamba, na amechukua na kipande cha tuta. Walikuwa na msemo, asiyetaka kujenga tuta ahame. Sasa msinielewe vibaya, sisemi tuanze kunyang'anyana mashamba. Nasema tu wale watu walielewa kwamba kipande kimoja cha mzembe mmoja kinazamisha wote, hata yule aliyepanga viroba vyake kwa rula. Na hao hao, mwishoni mwa Januari 1995, mito yao ilipojaa walihamisha watu kama 250,000 kwenye siku chache, na mifugo juu. Matuta hayakuvunjika. Watu wakarudi nyumba kavu. Kwangu mimi kuhamia nyumba ya ndugu siku tano halafu ukarudi ukakuta kapeti lako kavu ni ushindi, ila najua kuna mtu hapa mwaka ule alihama maji yasije, na mpaka leo analalamika. Mwaka huu hatahama. Huyo ndiye ninayemuogopa kuliko mto.

Nimesema mshikamano mshikamano, sasa niseme na ubaya wake, kwa sababu hili neno linatumika vibaya. Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika Marekani kule, moja ya mafuriko mabaya kabisa katika historia yao. Karibu na mji unaitwa Greenville watu Weusi walilazimishwa kufanya kazi juu ya tuta, wengine wakiwa wameelekezewa bunduki. Tuta likavunjika tarehe 21 Aprili. Maelfu yao wakakwama juu ya mabaki ya tuta, na meli za kuwaokoa zilipofika ikaonekana heri waondoke wazungu, wale Weusi wabaki, kwa sababu wenye mashamba waliogopa wakishaondoka hawatarudi kuvuna pamba. Siku nane baadaye, tarehe 29 Aprili, wakubwa wa mji wa New Orleans wakalipua tuta kwa baruti mahali ambapo mto umeshaupita mji, ili maji yapungue mjini, yakaenda kwa watu wa vijijini waliokuwa hawana sauti. Waliahidiwa fidia, walichopata kilikuwa kidogo sana, na kibaya zaidi ni kwamba kulipua kwenyewe hakukuhitajika, matuta ya juu yalikuwa yanavunjika yenyewe.

Sasa hiyo nayo ilikuwa jamii imeungana, si ndio? Wale wa mjini waliungana kweli kweli. Kwa hiyo mtu akija kwenye kikao akasema tushikamane, mwulize, sisi ni akina nani? Wanaobeba viroba ni kina nani na wanaoandika majina ni kina nani, mbona hawabadilishani? Na wa ng'ambo, wako ndani ya hao sisi au wako nje?

Maana hili la ng'ambo ni zito. Maji hayapotei. Ukipandisha tuta lako futi mbili, yale maji ambayo yangeingia kwako yanatafuta kwa kwenda, na mara nyingi ni upande wa pili, au chini kwa wenzako. Kule Kanada mji wa Winnipeg baada ya kupigwa na mto huohuo Red River mwaka 1950 walichimba mfereji mkubwa wa kilomita 47 kuzungusha maji nje ya mji, walianza 1962 wakamaliza 1968, waziri mkuu wa jimbo aliyeusukuma, Duff Roblin, alichekwa sana, wakauita mtaro wa Duff. Mwaka 1997 ule mtaro uliuokoa mji. Ila watu wa nje ya mji, upande wa juu wa mto, walizama na wakalalamika kwamba mji umepona kwa gharama yao. Sina jibu rahisi hapo. Mji wa watu laki kadhaa na vijiji vya mamia, mtu atapiga hesabu gani? Ninachojua ni kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia jirani mapema, tunapandisha huku, hameni, hii hapa lori, hapa pa kulala tumewaandalia, na kupandisha kimyakimya usiku halafu asubuhi unamwona amekaa juu ya paa unampungia mkono. Nashauri kabla ya kuongeza kiroba kimoja tuta la kwetu watu wawili wavuke wakaongee na wa ng'ambo. Wachukue namba za simu. Mkikutana mara ya kwanza wakati maji yameshaingia mtakutana kwa matusi.

Msumbiji, mwaka 2000, mito ya Limpopo na Save ilifurika, watu kama 700 wakafa, dunia nzima iliona watu juu ya miti wanasubiri helikopta. Baada ya pale wakaanza kitu ambacho hakina mbwembwe, kamati ndogo za kijiji, watu wa palepale, wanapewa redio, kipaza sauti, baiskeli, wanafundishwa nani anamgongea nani. Mwaka 2007 Zambezi ilipofurika waliokufa walikuwa makumi, si mamia. Sisemi ni kamati peke yake, mafuriko hayafanani. Lakini baiskeli na kipaza sauti jamani! Hivi hicho tunashindwa?

Grupu la simu ni zuri, nalitumia, ila umeme wa mnara ukikatika grupu limekufa, na usiku wa manane nusu yenu mmezima sauti za simu, halafu kwenye grupu meseji ya maana inapita katikati ya meseji mia za dua na za mtu anauza viatu. Kwa hiyo lazima kuwe na mlango na mkono wa kuugonga. Nyumba tano, mtu mmoja. Huyo anajua nani analala wapi, na siku ikifika hafikirii, anaenda tu. Na wale wanaogoma kutoka msiwatukane. Waulize kwa nini. Mara nyingi ukimdadisi utakuta si ubishi, ni ng'ombe, ni mashine ya kushonea, ni vyeti vya watoto, ni hofu ya wezi. Mtafutie mahali pa kufunga ng'ombe uone kama hatatoka. Kuna bibi mmoja aligoma mpaka watu wakakata tamaa, kumbe alikuwa anaona aibu, nguo ya kutokea mbele za watu hana, alikuwa na moja na iko kwenye kamba imelowa. Aliyegundua ni msichana wa jirani, kwa sababu alimuuliza kwa upole peke yake ndani.

Na maji yakishaondoka sasa, hapo wengi wanapotea. Kamera zimeondoka, viongozi wameshapita, limebaki tope. Florence, Italia, mto Arno uliingia mjini tarehe 4 Novemba 1966, vitabu vya mamia ya miaka kwenye maktaba vikazama kwenye tope lililochanganyika na mafuta ya kupashia nyumba joto. Vijana wakaja kutoka nchi mbalimbali, hakuna aliyewaita, wakajipanga mstari kutoka chini mpaka juu wanapasiana vitabu vinavyodondosha tope, mkono kwa mkono, siku kwa siku. Wakaitwa malaika wa tope. Jina zuri, ila mimi nawaza harufu. Tope la mafuriko linanuka choo, linanuka mnyama, linakauka linakuwa kama saruji usipoliwahi likiwa bichi. Mtu ambaye nyumba yake imejaa hilo tope anasimama mlangoni hajui aanzie wapi, anaweza kusimama pale saa nzima. Usimpe pole, ametosheka na pole. Ingia na beleshi uanzie chumba cha kwanza, ataamka. Na kisima kilichoingiwa na maji kisinywewe mpaka kisafishwe na kutiwa dawa, hilo nalisema haraka tu lakini ni zito, kuhara kunaweza kuua watu ambao mto umewaacha wazima.

Nadhani dakika zangu zimeisha zamani, mwenyekiti anaangalia saa kwa namna ya kistaarabu.

Karatasi mbili zilikuwa zinazunguka wakati naongea. Ya kwanza ni ya nyumba, ina safu nne tu, nyumba, wanaolala, nani hawezi kutembea mwenyewe, na nani atamfuata. Naona safu ya tatu imejaa kuliko nilivyotegemea na safu ya nne ina mapengo, tukitoka hapa tukae na hayo mapengo moja moja. Ya pili ni ya zamu za tuta. Imerudi kutoka nyuma sasa hivi na nimeiangalia, saa mbili usiku mpaka saa sita majina yamejaa mpaka pembeni mwa karatasi, kila mtu anataka saa ambazo angekuwa macho tu. Saa nane mpaka saa kumi na moja alfajiri kuna jina moja, na ni la yule mama pale mbele aliyempakata mjukuu.

Kalamu ninayo hapa.